Safari ya Tiznit: Kufuata Bizimu za Fedha za Waamazigh

Shangazi yangu ameuza vito vya fedha katika Mji wa Kale wa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu utotoni nimemwona akikigeuza kila kito kifudifudi kabla hajakitazama usoni, kwa kuwa husema kwamba usoni fundi humfanyia kazi mnunuzi, na mgongoni huifanyia kazi nafsi yake. Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja alimletea kidani cha fedha cha umbo la pembetatu, kipana kama kiganja, kilichojazwa rangi ya kijani na ya manjano, akitaka atiliwe kikonyo cha kupitishia mkufu. Shangazi alikigeuza akakuta mabaki ya sindano nene iliyokatwa kwa msumeno, akamwambia mgeni yule kwamba kitu hiki hakikuzaliwa kidani. Kilizaliwa nini, hakujua. Baadaye tulipata kufahamu kwamba ni kazi ya kusini mwa Moroko, na tangu siku hiyo alitamani kufika Tiznit, mji kinakotengenezwa. Mwaka 2024 tulikwenda, na simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea, kutokana na daftari langu, risiti na picha za simu.

Ijumaa 8 na Jumamosi 9 Novemba 2024: Mombasa hadi Casablanca

Treni hadi Nairobi, ndege mbili, na usingizi wa kukatikakatika. Tulitua Casablanca alasiri ya Jumamosi, lakini sanduku la Shangazi halikutua pamoja nasi. Afisa wa kaunta ya mizigo alituandikia karatasi na kutuambia tusubiri hadi kesho. Treni ya kutoka uwanja wa ndege kuingia mjini ilitugharimu dirham 50 kila mmoja; siku hizo dirham moja ilikuwa sawa na takriban shilingi 13 za Kenya.

Kwa anayepanga kwenda: dirham ni vigumu kuipata nje ya Moroko, na sheria huruhusu kutoka nayo kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo badilisha fedha ukifika na uzitumie kabla hujaondoka. Nguo za siku mbili ziwe katika mkoba wa mkononi, kwani Shangazi alishinda siku nzima na buibui alilosafiria.

Jumapili 10 Novemba: Casablanca

Tukiwa tunalisubiri sanduku, tulikodi teksi hadi mtaa wa Oasis, kwenye Makumbusho ya Wayahudi wa Moroko, ambayo yalifunguliwa mwaka 1997. Nilikuwa nimemwambia Shangazi kwamba hatuwezi kuielewa fedha ya Waberberi, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini ambao wenyewe hujiita Waamazigh, bila kuanzia hapo, naye hakuniamini hadi alipoiona karakana ya sonara iliyowekwa humo pamoja na zana zake. Kwa karne nyingi, sehemu kubwa ya ufundi wa fedha kusini mwa Moroko ilikuwa mikononi mwa Wayahudi waliokaa katika mitaa yao, iitwayo mellah, na katika vijiji vya milimani. Wanawake wa Kiamazigh ndio waliokuwa wakiagiza, wakileta sarafu za kuyeyushwa, wakichagua umbo na kuvaa. Fundi wa Kiyahudi ndiye aliyekuwa akifua. Kati ya mwaka 1948 na miaka ya 1960 wengi wao walihama, hasa kwenda Israeli, na kazi ikaendelezwa na mafundi Waislamu, ambao baadhi yao walijifunza kwao.

Nalisema hili mapema kwa sababu madukani utaambiwa kwamba kila kitu ni "cha Kiberberi," na neno hilo ni la kweli tukiangalia ladha, uvaaji na uchaguzi wa umbo, lakini mkono uliofua vipande vingi vya zamani ulikuwa wa jirani mwenye dini nyingine. Kwetu pwani jambo hili si geni, kwa kuwa mafurungu na vikuku vya bibi zetu vilipita mikononi mwa masonara wenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo si vyetu.

Sanduku lilifika hotelini saa nne usiku.

Jumatatu 11 na Jumanne 12 Novemba: Marrakech

Treni ya kwenda Marrakech ilichukua muda usiofika saa tatu, na nje hapakuwa na mengi ya kuona zaidi ya mashamba makavu. Siku ya Jumanne tulikwenda katika Bustani ya Majorelle, ambamo iliyokuwa karakana ya mchoraji Jacques Majorelle imekuwa makumbusho ya sanaa ya Waberberi tangu mwaka 2011. Nunua tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa sababu foleni ya nje ni ndefu, na hakikisha kwamba umelipia makumbusho pia, si bustani peke yake. Kupiga picha ndani hairuhusiwi, kwa hiyo hapa nategemea daftari langu.

Chumba cha vito ni chumba cha vioo chenye dari la nyota, na humo vimepangwa vito kuanzia milima ya Rif kaskazini hadi ukingoni mwa Sahara. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kila eneo lina lafudhi yake ya fedha. Waait Atta wana bangili nzito zenye miiba mikubwa pande zote, ambazo mtu akiziona hudhani ni silaha. Mabonde ya oasisi yanapenda mikufu ya shanga kubwa za kaharabu zilizochanganywa na marijani na fedha. Watu wa milima ya Anti-Atlas na Tiznit wanapenda rangi, yaani kioo cha kijani, cha manjano na cha buluu kilichoyeyushwa ndani ya vijumba vya waya, pamoja na vito vyekundu vya kioo. Katika kusoma kwangu kabla ya safari nilikuwa nimeona pia picha za kazi za Ait Yenni huko Kabylie, Aljeria, ambazo zina rangi hizo hizo lakini zimejaa marijani nyekundu kutoka Bahari ya Mediterania, na ukiziweka kando ya zile za Tiznit unaona ndugu waliolelewa nyumba mbili.

Kisha tukaiona pembetatu kama ile ya yule mgeni, na ilikuwa na mwenzake. Zilikuwa mbili, kushoto na kulia, zimeunganishwa kwa mnyororo mrefu wenye tufe la fedha katikati, lenye umbo la yai. Maelezo yalisema *tizerzai*, nami nikaandika: moja huitwa *tazerzit*, jozi ni *tizerzai*, nalo yai la katikati huitwa *tagmmut*. Ni bizimu za kufungia nguo mabegani. Shangazi alisimama mbele ya kioo hicho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, yule mgeni wangu alikuwa na nusu ya nguo."

Jumatano 13 Novemba: Barabara ya Tiznit

Basi lililotakiwa kuondoka saa mbili asubuhi liliondoka saa nne kasorobo, na baada ya kama saa mbili za mwendo likasimama kando ya barabara kwa sababu ya hitilafu ya injini. Tulikaa hapo zaidi ya saa mbili, juani, kwenye ardhi isiyo na mti wa maana. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Tiznit kutoka kumwona mwanawe alitandika kitambaa juu ya changarawe, akakata mkate wa duara, akafungua chupa ndogo ya mafuta ya argan na mfuko wa zeituni, akatuita kwa kiganja. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya Kiarabu changu cha madrasa na Kifaransa chake cha sokoni, lakini alipoona kwamba Shangazi anaitazama bangili yake, aliivua na kumpa aishike. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba. Alisema kwamba mama yake alikuwa na fedha, nyingi, kilo nzima, ikauzwa yote ili anunuliwe dhahabu ya harusi.

Habari hiyo tuliisikia kwa watu watatu tofauti katika safari hii. Dhahabu ilipokuwa fahari ya bibi harusi, na nguo zilizoshonwa zilipochukua nafasi ya shuka la kufungwa kwa bizimu, fedha ya nyumbani ilipelekwa kwa sonara na kuuzwa kwa uzito, na sehemu ikayeyushwa tena.

Tulifika Tiznit baada ya Isha. Mwenye nyumba ya wageni, iliyo ndani ya ukuta wa mji wa kale, alikuja kutupokea kituoni kwa miguu akiwa na tochi, akabeba sanduku la Shangazi kichwani, na tulipofika akatupa supu ya harira bila kuiweka katika bili. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa dirham 280 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, ambacho ni chai ya nanaa, mkate, na msemen, binamu wa chapati zetu za kusukuma, ila hukunjwa mraba. Huliwa na amlou, yaani lozi zilizosagwa pamoja na asali na mafuta ya argan, na baada ya siku mbili Shangazi alikuwa akiiomba kwa jina.

Alhamisi 14 Novemba: Soko la fedha

Tiznit ni mji wa rangi ya udongo mwekundu, uliozungushiwa ukuta na Sultani Moulay Hassan wa Kwanza mwaka 1882 alipokuwa akiimarisha mamlaka yake kusini. Sarafu za fedha za sultani huyo huyo, zilizopigwa Paris kuanzia miaka hiyo, ndizo ambazo wazee bado huzitaja kwa jina la *hassani*, na nyingi ziliishia ndani ya chungu cha sonara. Sarafu za Hispania na Ufaransa nazo zilifuata njia hiyo. Shangazi aliwasimulia wenye duka kuhusu reale ya Maria Theresa, iliyokuwa ikitumika Unguja na pwani yote katika karne ya 19, na ambayo hadi leo hubeba mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa baadaye sana. Mmoja wao alifungua droo akatoa kipande cha sarafu ya zamani kilichotobolewa, na kwa dakika kadhaa wakawa wanaelewana pasipo mimi kutafsiri.

Soko la masonara liko karibu na uwanja wa Méchouar. Ni ua wenye maduka madogo yaliyopangana, na asubuhi fedha yake humetameta kiasi cha kuumiza macho. Katika duka la nne tulipewa tazerzit moja ya zamani, nzuri mno, yenye rangi iliyobaki karibu yote, kwa dirham 1,800. Nikauliza iko wapi ya pili. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alisema kwamba jozi nyingi hutenganishwa, kwa kuwa mnunuzi wa kutoka mbali hutaka kidani kimoja cha shingoni, na jozi nzima humshinda bei. Nilitaka kununua. Shangazi alinishika mkono akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Tukinunua hii, tumemlipa aliyezitenga." Tukashukuru tukatoka, na ninaamini kwamba alisema kweli, ingawa usiku ule niliikumbuka bizimu ile zaidi ya mara moja.

Kwa atakayefika sokoni hapo, haya ndiyo tuliyojifunza kwa macho ya Shangazi. Fedha mpya huuzwa kwa gramu, nasi tuliambiwa bei za kuanzia dirham 18 hadi 30 kwa gramu kulingana na kazi, kwa hiyo omba mizani kabla ya kuanza kujadiliana. Sumaku haitoshi, kwa kuwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli unaouzwa kama "fedha ya Kiberberi" nao hauvutwi na sumaku. Tafuta muhuri, na kama kitu ni cha kale kisicho na muhuri, tazama pale kilipochakaa, kwa sababu kilichopakwa fedha juu huonyesha wekundu au manjano ya chini kwenye kingo. Rangi ya kioo ni baridi na ngumu ukiigusisha na jino, ilhali rangi ya plastiki ina uvuguvugu na hukwaruzika kwa ukucha. Kaharabu na marijani nyingi za sokoni ni bandia, lakini kioo chekundu si udanganyifu: mafundi wa huku wamekitumia tangu zamani, na kipande chenye kioo kinaweza kuwa cha kweli kabisa. Vitu vya kale sana vina sheria zake za kutolewa nchini, kwa hiyo omba risiti iliyoandikwa.

Ijumaa 15 Novemba: Kwa maalem

Mwenye nyumba alitupeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, anayefanya kazi nyuma ya soko katika chumba kisichozidi hatua nne kwa tatu. Huku fundi mkuu huitwa *maalem*, neno lile lile la Kiarabu lililotuzalia sisi mwalimu, na nilipomweleza hivyo alifurahi akasema kwamba basi tumekuja shuleni.

Alikuwa akitengeneza bamba la pembetatu la bizimu. Bamba lenyewe lilikuwa limekwisha kukatwa na kupigwa tupa. Alichukua nyuzi mbili za fedha, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, akazisokota pamoja hadi zikawa kama kamba, kisha akazipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma zikalala bapa, na ukingo wake ukawa na meno madogo kama ya msumeno. Kamba hiyo aliikata vipande na kuikunja kwa koleo lenye ncha kali: jani dogo la mti, duara, nyota, na mizingo miwili iliyotazamana kama pembe za kondoo. Kila kipande alikilaza juu ya bamba kwa ute mzito wa kugandishia, akanyunyiza unga wa lehemu uliochanganywa na boraksi, akapitisha moto wa gesi juu yake. Hapo palitaka jicho. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 962, na fedha iliyotiwa shaba huyeyuka kabla ya hapo, kwa hiyo kati ya kushika kwa lehemu na kuharibika kwa kazi nzima pana sekunde chache tu. Hakuangalia moto, aliangalia rangi ya bamba. Lilipokuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, na lehemu ikapita ghafla kama maji chini ya waya, aliondoa moto.

Vijumba vilivyoundwa na waya ndivyo hujazwa rangi. Alikuwa na vichupa vya kioo kilichosagwa unga: cha kijani hupata rangi yake kutoka shaba, cha buluu kutoka kobalti. Akalowesha unga kwa maji, akautia ndani ya kijumba kwa ncha ya sindano, punje kwa punje, akafyonza maji kwa pembe ya kitambaa, akarudisha bamba motoni kutokea chini. Unga mweupe uliofanana na sukari ulififia, ukaanza kutokota kidogo, kisha ukalala na kung'aa kama jicho. Mafundi husimulia kwamba ufundi huu uliletwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Maalem alisema kwamba aliyemfundisha mwalimu wake alikuwa Myahudi wa Tiznit, akalitaja jina lake kwa heshima ambayo sisi huwataja nayo masheikh.

Nilimuuliza kuhusu maana ya pembetatu, kwa kuwa sokoni nilikuwa nimeambiwa kwamba ni jicho la kuzuia husuda, na pengine kwamba ni hema, na pengine kwamba ni mwanamke. Alizisikiliza zote. Akasema kwamba wanawake ndio waliokuwa wakiagiza, kwa hiyo wanawake ndio wa kuulizwa, na akatushauri tupande milimani. Shangazi akamwagiza jozi moja, ndogo, yenye mnyororo wa kawaida, kwa dirham 25 kwa gramu. Tukatanguliza 1,500 na kuahidi kurudi Jumanne.

Baada ya sala ya Ijumaa karibu kila duka hufungwa hadi alasiri, na nyumba nyingi hula kuskusi. Tulikaribishwa nyumbani kwa maalem, tukala kutoka sahani moja kubwa, maboga, karoti na nyama ya kondoo, na mkewe alikuwa akisukuma nyama upande wa Shangazi kila mara alipogeuza macho.

Jumamosi 16 Novemba: Kupanda Tafraoute

Teksi ya abiria sita, dirham 60 kwa kiti, kilomita zipatazo 110 kupitia mwinuko wa Kerdous. Barabara ni ya lami na nzuri, lakini hujipinda bila kukoma, kwa hiyo mwenye kuchafuka tumbo akae mbele na alipie kiti hicho mapema. Juu hewa ilikuwa baridi. Tafraoute imezungukwa na majabali ya matale ya rangi ya waridi ambayo jioni hugeuka mekundu, na chini yake pana mitende na milozi. Wenyeji wa bonde la Ameln wanajulikana Moroko nzima kwa maduka ya rejareja. Wanaume huishi mijini mwaka mzima na vijiji hubaki na wazee na wanawake, jambo lililomkumbusha Shangazi Lamu ya utoto wake.

Jumapili 17 Novemba: Bonde la Ameln

Binti wa nyumba tuliyolala alitupeleka kwa nyanya yake, katika kijiji kilicho chini ya mlima Jebel el Kest. Bibi huyo alikuwa na umri wa kutupa heshima zote, na Kitashelhit, lugha ya Waamazigh wa huku, peke yake kinywani, kwa hiyo maneno yalipita kwa mjukuu wake kuja kwangu kwa Kifaransa, na kutoka kwangu kwenda kwa Shangazi. Alitupa chai, lozi na amlou. Kisha, bila kuombwa mara mbili, alitoa kifurushi kutoka sandukuni.

Zilikuwa jozi ya bizimu, nzito, na nyeusi kidogo kwa kukaa gizani. Shangazi alizipokea, na kama kawaida yake akazigeuza. Nyuma kulikuwa wazi, bila pambo, ila alama za tupa zilizolainishwa na kitambaa cha miaka mingi, na katika pete ya kufungia ya moja yao palikuwa na kiraka cha lehemu, mahali ilipovunjika ikatengenezwa. Bibi alipoona hivyo alicheka, akasema kwamba wageni wote hutazama rangi.

Akamsimamisha Shangazi katikati ya chumba. Leso hakuitaka, aliipapasa, akatikisa kichwa, akaleta shuka la sufi lililofumwa kwa nafasi, kwa kuwa sindano ile ni nene kama njiti ya kiberiti na ingelitoboa leso likabaki na jicho. Alilipitisha shuka chini ya makwapa, akalivuta pembe mbili, ya nyuma na ya mbele, zikakutana begani. Akazikusanya pamoja, akazipenyeza kwenye pete iliyokatwa upande mmoja, akachoma sindano kupita mikunjo yote, kisha akaizungusha pete robo ya mzunguko, sindano ikajikuta imefungiwa nje ya mwanya. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna picha iliyonieleza. Sindano huelekea juu, na pembetatu huning'inia chini pamoja na mnyororo wake, kwa hiyo uzito wa mapambo ndio unaokaza kifungo, na kadiri nguo inavyovutwa ndivyo sindano inavyozidi kushika. Madukani tulikuwa tumeziona zikitundikwa kichwa chini.

Nikamuuliza lile swali la pembetatu. Alijibu kwa maneno machache, na mjukuu akatafsiri: pana ili mnyororo ushike pembe mbili, nyembamba juu ili isimkune mtu shingo, na rangi ni ya kijiji, ili ukikutana na mwanamke sokoni ujue ametoka wapi. Kuhusu husuda alisema kwamba fedha yenyewe inatosha. Sidai kwamba jibu lake linafuta mengine yote, kwani michoro ya mkono wa vidole vitano na ya jicho imo katika kazi hizi kwa wingi, lakini tangu siku hiyo huwa naanzia kwenye kazi ya kitu kabla ya kukimbilia maana yake.

Hakutaka kupokea fedha. Shangazi akavua leso yake ya pili, mpya, akampa, na bibi akaomba asomewe maneno yaliyoandikwa pindoni.

Jumatatu 18 Novemba: Kukwama

Ilikuwa sikukuu ya Uhuru wa Moroko, jambo ambalo sikulitazama katika kalenda. Teksi zilikuwa chache na zilizokuwapo zilijaa familia. Tukabaki Tafraoute na kulipa usiku mmoja zaidi. Wewe tazama kalenda.

Jumanne 19 Novemba: Tiznit tena

Tuliondoka alfajiri na kufika Tiznit saa nne. Maalem alikuwa ametandika kitambaa chekundu juu ya meza yake, na kabla hatujaketi alitoa bizimu zetu na kuzilaza juu yake kifudifudi, zote mbili, mnyororo ukiwa umepangwa katikati.

Shangazi alivaa miwani. Alipitisha kidole juu ya kila kiungo cha lehemu, akaizungusha pete ya kwanza, kisha ya pili, akaitazama sindano ilipoungana na bamba, akaona muhuri, akaona kwamba fundi alikuwa amepiga msasa hata upande wa ndani wa pete, mahali ambapo hakuna macho yatakayofika. Hapo ndipo alipozigeuza kutazama uso: kijani, manjano, na kito kimoja chekundu katikati ya kila moja. Mizani ilisoma gramu 118, sawa na dirham 2,950. Alimalizia 1,450 zilizobaki bila kuomba punguzo, akazifunga bizimu mwenyewe kwenye mtandio wake mzito, sindano juu, akazungusha pete robo, na tukawahi teksi ya saa nane kwenda Agadir.